Salamu za Siku ya Urithi: Pombe Hupikwa Kabla ya Jembe

Ndugu wenyeviti wa vikundi, wakuu wa idara na nyote mnaokaribia kupanga mambo ya mwaka ujao, heri ya Siku ya Urithi!

Tarehe 24 Septemba Afrika Kusini nzima hupumzika, lakini katika jimbo la KwaZulu-Natal siku hii ina mwenyewe: Mfalme Shaka wa Wazulu, aliyeuawa Septemba 1828. Watu hukusanyika katika mji wa KwaDukuza penye mnara wake. Kalenda ya taifa iliipokea mwaka 1995 kwa jina hili la Urithi. Baridi imekwisha huko, mvua za kupandia zinangojwa, na muda si mrefu majirani wataanza kuitana shambani.

Mwito huo Wazulu huuita ilimo, na sikio la Mswahili halihitaji mkalimani hapo. Ni ujima, ila una masharti. Mwenye shamba hutaja kazi inayoonekana mwisho wake, palizi ya kipande kile pale, si "njooni mnisaidie" tu. Siku kadhaa kabla, nyumbani kwake pombe ya mtama imeshaanza: kimea kinasagwa, kinalowekwa kichachuke, kinapikwa, kinapozwa, kinaachwa kichachuke tena, kinachujwa. Harufu ikivuka ua, majirani wanajua mwenzao hatanii. Vyungu vikitolewa asubuhi mno, palizi huishia katikati ya tuta. Na saa ya kunywa ikifika, mwenyeji huonja kwanza mbele ya wageni, waone haina sumu.

Hapo ndipo ofisi nyingi zinapoteleza. Dira mpya inatangazwa kwa vifijo, fungu la fedha halijatengwa, na mkuu anayewataka wafanyakazi wahamie kwenye mfumo mpya hajawahi kuufungua hata mara moja. Hajaonja.

Ilimo pia ni deni. Uliyepaliliwa leo, kesho jembe lako lionekane kwa jirani. Idara inayoazima watu kila mwezi bila kurudisha, mwito wake wa tatu huitikiwa na wagonjwa watupu.

Kuna na indaba, yaani baraza la kujadiliana, neno lililosafiri hadi mikutano ya tabianchi. Durban 2011, kisha Paris 2015, mazungumzo yalipokwama wajumbe waliitwa indaba: kila upande useme kisichowezekana kwake, na papo hapo upendekeze pa kutokea. Kwenye baraza la Kizulu inkosi, yaani chifu, husikiliza, husema mwisho. Mkurugenzi akifungua kikao kwa slaidi za dakika 40, wote wataunga mkono hoja, na pingamizi litahamia kwenye chai ya saa nne. Watu 12 kwa dakika 5 kila mmoja ni saa nzima. Itengeni hiyo saa, na mkuu arudie alichosikia kabla hajatoa uamuzi. Bango la ubuntu, yaani utu, ukutani haliwezi kuifanya kazi hiyo.

Basi sikukuu njema. Chungu kikikufikia, kipokee kwa mikono miwili.