Jumamosi: maandalizi ya somo la kani na mwendo

Walimu wenzangu wa sayansi, habari za jioni na poleni na kazi.

Jumamosi hii tunakutana saa 3 asubuhi uwanjani kwetu hapa Moshi, si darasani kama tulivyopanga awali. Tuwahi kabla jua halijawa kali.

1. Mchango ni Sh 3,000, mwisho Alhamisi jioni kwa mhazini (mipira midogo, chaki na maji).
2. Mwalimu wa michezo, tunaomba utuletee futi ndefu.

Tukazie jambo moja: wanafunzi wengi huamini mpira ukishatoka mkononi bado unasukumwa na kani ya mkono. Hapana, uliobaki ni mvutano wa dunia na ukinzani kidogo wa hewa. Pale juu kabisa mwendokasi ni sifuri, lakini mchapuko (kiasi mwendokasi unavyobadilika kila sekunde) ni uleule, mita 9.8 kwa sekunde mraba kwenda chini. Tutarusha wima na kupima muda kwa simu: ukirudi mkononi baada ya sekunde 2, ulipanda karibu mita 5. Wakijipimia wenyewe hawasahau.

Tafadhali andika "nipo" hapa kabla ya Jumatano saa 2 usiku tujue idadi ya mipira. Mwenye udhuru naye aseme mapema. Asanteni sana.