Pilau la msibani limezidi

Mhariri, asalaam aleikum. Hivi hii ya wafiwa kukodi maturubai na kuchinja ng'ombe siku ya tatu tumeitoa wapi jamani? Jaafar bin Abi Talib, binamu yake Mtume, alipouawa kwenye vita vya Mu'ta mwaka wa 8 Hijria, Mtume (SAW) aliwaambia watu wawapikie wa nyumbani kwa Jaafar maana wamefikwa na jambo la kuwashughulisha, sasa huku kwetu mjane yuko eda chumbani na mashemeji wanamgongea mlango wanauliza hela ya mchele na mafuta iko wapi! Na deni la marehemu dukani, linalotakiwa lilipwe kabla mirathi haijagawiwa, wala halizungumzwi. Masheikh wetu lisemeni hili palepale makaburini, watu hawajarudi kuulizia pilau.

Msomaji, Tanga