Barua ya wazi kwa Mzee Frontinus, bosi wa maji wa mji wa Roma

Mzee Sextus Julius Frontinus, shikamoo.

Najua ulishafariki zaidi ya miaka 1,900 iliyopita na barua za wazi huwa wanaandikiwa viongozi waliopo ofisini, ila hawa wa kwetu nishawaandikia mpaka nimechoka kwahiyo leo nimeamua nikusumbue wewe. Huku ni saa nane usiku, nimekaa uani kwenye kigoda, ndoo saba nimezipanga mbele ya koki nasubiri mgao, simu ina chaji asilimia 30, itatosha.

Watu wakiwataja Warumi wanataja majeshi na yale matao ya kupitishia maji, wanaenda kupiga selfi nayo. Sibishi, matao ni kazi ya watu. Ila nilivyosoma kile kitabu chako cha maji ya mji nikaona jamaa hawa ujanja wao mkubwa ulikuwa kwenye daftari.

Mwaka 97 BK Kaisari Nerva anakukabidhi ofisi ya maji. Ulishakuwa konsuli, cheo kikubwa kabisa huko Roma, ulishatawala Britania, yaani ulikuwa na kila sababu ya kukaa tu unasaini unacholetewa na wasaidizi alafu unaenda kukata utepe. Wewe ukaandika kwamba kwa mtu anayejiheshimu hakuna aibu kama kuendesha ofisi kwa kuelekezwa na walio chini yake. Ukaanza kujifunza upya kama mwanafunzi wa veta, mfereji mmoja mmoja, mifereji 9 yote, kuanzia Appia wa mwaka 312 KK mpaka Claudia na Anio Novus iliyokamilika mwaka 52 BK, chanzo kiko wapi, urefu gani, wapi umefukiwa wapi uko juu ya matao. Marcia peke yake ni kama kilomita 91 na sehemu kubwa iko chini ya ardhi, hayo matao ya selfi ni kipande tu. Ukachorewa na ramani, mabonde yako wapi na ukubwa gani, mito inavukwa wapi, ili ukiwa na shauri la kuamua uamue kama mtu aliyesimama saiti.

Alafu wafanyakazi. 700, kati yao 240 walikuwa wale alioanza nao Agrippa, aliyesimamia maji ya mji kabla yako, na 460 wa Kaisari Claudius. Walikuwa watumwa na hilo mi sitalipamba. Kila mmoja ana kazi yake, kuna watunza matangi, kuna wa kuzunguka kukagua, kuna mafundi mawe, kuna wapiga plasta. Tatizo wasimamizi walikuwa wanawatoa kwenda kupiga vibarua kwa watu binafsi, mchongo unaoujua kila aliyewahi kuona gari la serikali likibeba tofali za mtu. Dawa yako ilikuwa ndogo mpaka inachekesha, jioni unaandika kesho kila genge litafanya nini, na kila siku inaandikwa limefanya nini. Basi.

Ila kilichonikalisha chini ni vishoka. Mzee kumbe na nyie mlikuwa nao! Kibali cha maji kikihamia kwa mtu mpya, mafundi wanatoboa tundu jipya kwenye tangi, lile la mwenye kibali wa zamani hawalizibi, wanalibakisha maji wayauze wao. Na kuna yule jamaa aliyekuwa anatoboa mabomba yanayopita chini ya barabara, anawavutia maji wenye biashara njia nzima. Mlipoyang'oa hayo mabomba ya wizi ukasema ukubwa wa wizi mtu aupime kwa madini ya risasi mliyoyapata, maana mabomba yalitengenezwa kwa madini hayo na mzigo haukuwa mdogo.

Hapo kwenye kupima kuna neno lakini. Mahesabu yako yaliangalia zaidi upana wa mdomo wa bomba kuliko kasi ya maji, kwahiyo zile namba zako za upotevu nazisoma kwa tahadhari. Na pale ulipoyakebehi mapiramidi ya Wamisri kwamba yamekaa bure tu, hapo ulijisifu kupitiliza.

Turudi kwenye maji. Mlipanga maji ya Marcia yawe ya kunywa, ya mfereji wa Anio Vetus kwa vile ni machafu yakamwagilie bustani na shughuli zisizohitaji usafi. Ukarabati unafungwa mfereji mmoja kwa wakati, tena sio kipindi cha joto watu wanapoyahitaji zaidi, na vifaa vinaandaliwa kabla ya kufunga. Sio unachimba ndo unakumbuka koleo. Na yale mabeseni ya mtaani ambako watu wa kawaida walikuwa wanachota, mengi yaliwekewa midomo miwili kutoka mifereji miwili tofauti, mmoja ukipata hitilafu mwingine unaendelea kutoa. Hiyo sentensi niliirudia mara tatu. Mtaani kwetu bomba ni moja, likipasuka kule juu tunaulizana sisi kwa sisi kwenye grupu, na fundi anayekuja wa kwanza ni yule asiye na kitambulisho ila funguo za valvu anazo, sijui kapewa na nani, na akishalipwa maji yanatoka kweli.

Ndo maana nakuandikia Mzee. Huyo wa kwetu namjua kwa sura, hata wewe ungemjua. Wa kwenu alikuwa na mpaka cheo, wakimwita mtu wa matundu, maana yake ofisi nzima ilikuwa inajua yupo na anafanya nini. Baada ya kung'oa mabomba yake, yeye mwenyewe ulimfanya nini? Ulimfukuza, au asubuhi yake ulimwandikia kazi kwenye daftari kama wenzake?

Nasubiri jibu, na maji.

Mteja, mita ninayo