Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Makala Chache, Lakini Zilizoshiba

Ndugu wanachama, assalaam alaykum.

Hesabu atazisoma mhazini, nami sitamwingilia, ila niseme tu kwamba fedha karibu zote zilikwenda kwenye bando na nauli za boti. Wenzetu wawili wamehamia Mombasa. Bado wanahariri makala za Wikipedia pamoja nasi, na mmoja wao anahariri zaidi kuliko alipokuwa hapa Amu, yaani Lamu. Nafasi iliyobaki nataka niitumie kwa jambo moja: kamati inapendekeza kwamba mwaka ujao tusifungue makala mpya hata moja ya Lamu kwenye Wikipedia ya Kiswahili, mpaka zile tulizokwisha kuzianza zishibe.

Najua si wote watakaofurahi. Kufungua ukurasa kuna raha yake: kiungo kilichokuwa chekundu kwa kukosa ukurasa kinageuka buluu, na mtu anakirusha kwenye kikundi chetu akipongezwa na kila mmoja. Lakini tazameni tunachomwachia msomaji. Mwanafunzi anatafuta habari za kisiwa chake, anakuta sentensi mbili na alama ya mbegu, yaani makala fupi isiyokamilika, basi. Kamusi elezo hii ya Kiswahili ipo tangu 2003. Kusema kwamba bado tunaanza si udhuru tena.

Chukueni rasimu yetu ya Takwa. Ilikuwa inasema Takwa ni magofu yaliyoko kisiwa cha Manda. Kweli, lakini abiria yeyote wa boti anajua hayo kabla hajashuka. Baada ya wanachama watatu kuishughulikia, sasa inaeleza mji uliokaliwa tangu karne ya 15 hadi ya 17, msikiti wenye nguzo juu ya kibla, na jinsi wakazi wanavyosimuliwa kuwa walihamia Shela, ambako watu wake hadi leo huvuka kwenda Takwa kuomba mvua. Makala moja ya namna hiyo naihesabu kuwa kazi kubwa kuliko mbegu ishirini.

Kazi ngumu ni vyanzo. Mwenzetu mmoja alikaa na fundi wa majahazi wa kijiji cha Matondoni akaandika jinsi mkuku unavyolazwa, mataruma yanavyosimamishwa, na kalafati inavyotiwa: pamba iliyolowekwa mafuta inashindiliwa katikati ya mbao, kidogo kidogo, mpaka maji yasipate pa kupenya. Kwangu mimi ilikuwa aya nzuri kuliko zote tulizoandika mwaka huu. Haikukaa, mhariri mwingine aliiondoa kwa kukosa chanzo, na baadhi yenu mkahamaki. Hakutuonea. Kanuni haiulizi kama fundi anasema kweli. Inauliza kama msomaji aliyeko Kigoma anaweza kufungua kitu kilichochapishwa akajionea mwenyewe.

Hapo ndipo penye uchungu kwetu, kwa sababu mengi ya Lamu yamo vifuani mwa watu, na yaliyomo vitabuni aghalabu yameandikwa na wageni. Habari za majahazi na mabaharia wetu tutazitoa kwa Prins, Mholanzi aliyechapisha kitabu chake Sailing from Lamu mwaka 1965, na huku mafundi wenyewe wapo hai, wanapiga nyundo. Sioni haki kamili katika hilo. Hata hivyo, manung'uniko ya barazani hayajaongeza mstari mmoja kwenye makala. Kamati inapendekeza tuwarekodi mafundi na wazee kwa idhini yao, tuwapelekee watafiti na wahariri wa majarida maelezo hayo, ili yachapishwe kwa majina ya mafundi na wazee wenyewe. Yakishachapishwa, mwanachama ambaye hakushiriki kurekodi ndiye atakayeyanukuu. Ni safari ndefu. Sijaona njia ya mkato.

La pili ni upande tunaosimama. Rasimu ya vita vya Shela, ambamo Lamu ilipigana na Pate na Wamazrui, watawala wa Mombasa, ilisomeka kama kasida ya ushindi. Tulishinda, sawa, lakini msomaji wa Pate naye ana macho, na wa Mombasa pia. Tueleze Wamazrui na watu wa Pate walitaka nini, na kwa nini baada ya vita Lamu iliomba ulinzi wa Sayyid Said wa Omani. Na kwa kuwa vyanzo vingine vinataja 1812 na vingine 1813, tuweke miaka yote miwili badala ya kuchagua ule tuliofundishwa shuleni.

Kuhusu bandari mpya ya Lamu, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa 2021, nawaomba wenye madai ya ardhi au ya fidia ya uvuvi wasiiguse makala hiyo. Wapendekeze kwenye ukurasa wa majadiliano, wengine watahariri. Nasema haya nikijua kwamba sharti hili linatuondoa karibu nusu yetu.

Picha: pigeni wenyewe. Picha iliyookotwa Facebook au WhatsApp ina mwenyewe, na itafutwa tu. Wakati wa Maulidi ombeni ruhusa kabla ya kupiga sura za watu, khasa akina mama na watoto, hata kama sheria ingewaruhusu.

Tafsiri ya mashine hatuipigi marufuku, ila anayeitumia aisome yote kwa sauti mbele ya mwenzake kabla ya kubonyeza kuchapisha. Aliyekwisha kuisikia sentensi ya namna hiyo ikisomwa barazani hatanihitaji nimweleze sababu.

Mwisho, vitabu. Wenye vitabu vya zamani kuhusu Lamu, Pate, Siyu na Faza, hata vilivyochanika majalada, wampe katibu orodha kabla ya Ramadhani. Hatuviazimi: tutakuja tulivyo, kalamu na simu mkononi, tuvisome hapo hapo nyumbani kwa mwenyewe. Pendekezo la kusitisha makala mpya litapigiwa kura baada ya taarifa ya mhazini.