Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Michezo wa Chuo Kikuu cha Iowa: turushe mpira kabla hatujabanwa

Iowa City, 24 Januari 2025

Kwa Mheshimiwa Beth Goetz

Mama Mkurugenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa jamaa yako. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tunayotumia kubishana kuhusu Hawkeyes, timu ya chuo chako ya mpira wa Kimarekani, kila Jumamosi, sebuleni, kwa kinyozi na nje ya kanisa baada ya ibada. Sisi Wakongo wa Iowa City na Coralville sasa ni wengi. Watoto wetu huvaa nyeusi na dhahabu, rangi za timu, kama watoto wengine wote wa mji huu, na timu hii imekuwa yetu. Binti yangu mkubwa ataitafsiri barua hii neno kwa neno, nimemkataza kupunguza ukali wowote.

Jambo langu ni moja. Tunakimbia na mpira badala ya kuurusha, tunakimbia tena, tunakimbia tena, hata pale ambapo uwanja mzima unajua kwamba tutakimbia.

Mara ya kwanza niliingia Kinnick, uwanja wetu, tarehe 3 Septemba 2022. Mwenzangu wa kazini alikuwa na tiketi ya ziada. Mimi nimekulia Bukavu, mpira ninaoujua ni ule wa miguu, kwa hiyo njiani alinifundisha: una majaribio manne ya kusogea yadi 10, tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, ni pointi 6, na teke linaloifuata ni 1. Mwisho wa mechi ubao ulisema Iowa 7, South Dakota State 3, nami nikamuuliza hiyo tachidauni iliingia saa ngapi. Akaniambia haikuwapo. Tulipata teke moja la pointi 3, na mara mbili ulinzi wetu uliwaangusha wapinzani ndani ya eneo lao wenyewe, pointi 2 kila mara. Watu waliokuwa wameshinda walishuka ngazi kimya, vichwa chini. Sikuwa nimewahi kuona washindi wakitoka uwanjani namna ile.

Lakini siku hiyohiyo, robo ya kwanza ilipokwisha, niliona watu karibu elfu sabini wakigeuka kuwapungia mkono watoto wagonjwa waliosimama kwenye madirisha ya hospitali iliyo ng'ambo ya uwanja. Nililia. Nilirudi nyumbani nikiwa shabiki, na tangu siku hiyo sijaacha.

Mwaka 2023 wewe mwenyewe unaujua. Tulishinda mechi 10 huku tukipata wastani wa pointi 15.4 kwa mechi. Penn State walitufunga 31 kwa 0, Michigan 26 kwa 0 katika fainali ya ligi yetu, Big Ten, Tennessee 35 kwa 0 siku ya Mwaka Mpya. Mechi tatu kubwa kuliko zote, na hatukupata hata pointi moja. Mchezaji aliyeshangiliwa zaidi mwaka ule alikuwa Tory Taylor, yule Mwaustralia ambaye kazi yake huanza pale ushambuliaji unaposhindwa. Alipiga mateke 93 ya kuwarudishia wapinzani mpira, na jumla ya yadi zake, 4,479, ikawa rekodi ya mchezo wa vyuo nchi nzima. Nilimpenda sana kijana yule na alistahili makofi yote aliyopigiwa. Ila rekodi ya namna hiyo inaeleza pia ni mara ngapi tulikwama.

Oktoba ya mwaka ule ulitangaza kwamba Brian Ferentz hataendelea kuongoza ushambuliaji msimu utakapokwisha. Kumwondoa mtoto wa kocha mkuu kazini wakati baba yake angali kocha si jambo jepesi, na kwa hilo nakushukuru kwa moyo wote. Mkataba wake ulioukuta mezani, uliodai timu ipate wastani wa pointi 25 kwa mechi, haukuwa kipimo kizuri, maana hata pointi zilizofungwa na ulinzi zilihesabiwa. Kwa hiyo leo siombi namba nyingine ya aina ile.

Chini ya kocha Tim Lester, aliyeshika nafasi yake, mambo yamekuwa afadhali, na si haki kulificha hilo. Msimu huu uliokwisha tumepata pointi 360 katika mechi 13, karibu 28 kwa mechi. Kaleb Johnson amekimbia yadi 1,537 na kuingiza tachidauni 21 kwa miguu yake, idadi ambayo hakuna Hawkeye mwingine aliyewahi kuifikia katika msimu mmoja. Kumtazama akikata kona na kuwaacha walinzi wameshika hewa ni furaha ambayo hata baba yangu kule Bukavu, asiyejua sheria hata moja ya mchezo huu, ameielewa kwenye video za simu. Tena naelewa kwamba Novemba ya Iowa ina upepo na barafu, na mpira wa baridi hauruki vizuri. Sina ugomvi na kukimbia.

Ugomvi wangu uko hapa. Jaribio la kwanza tunakimbia, tunapata yadi 2. La pili tunakimbia, tunapata 3. Zimebaki 5, na sasa lazima turushe, na kila mlinzi wa upande ule anajua kwamba lazima turushe. Kwotabaki wetu, yule anayerusha mpira, anakimbizwa, anarusha kwa haraka, mpira unaanguka chini, nasi tunapiga teke. Halafu watu wanasema, mnaona, Iowa haiwezi kurusha, bora tukimbie. Mama Mkurugenzi, pasi zetu zinaonekana mbovu kwa sababu tunazirusha tukiwa tumeshabanwa. Pasi ya jaribio la kwanza, wakati walinzi wanangoja mkimbiaji, ni pasi tofauti kabisa na ile ya jaribio la tatu.

Naye mkimbiaji ndiye anayeumia zaidi. Wapinzani wakishajua kwamba haturushi, huwaleta watu wanane karibu na mstari pale mchezo unapoanzia. Sisi tuna watano wa kuzuia, ukiongeza taitiendi, wale wanaozuia na kudaka pia, wanakuwa sita au saba. Hesabu haikubali. Septemba, dhidi ya Iowa State, Johnson alikimbia yadi 187 na kuingiza tachidauni mbili. Tulikuwa mbele 13 kwa 0 wakati wa mapumziko, hapahapa nyumbani, na tukapoteza 20 kwa 19. Mtu mmoja akifanya kazi yote ile na timu bado inashindwa, kosa si la miguu yake. Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Tazama pia ile mechi ya Nebraska ya tarehe 29 Novemba. Katika mechi nzima tulifikisha zile yadi 10 mara tano tu. Tano! Nilikaa kwenye baridi kali na wanangu wawili, tukiwa tumefunikwa na blanketi moja. Kilichotuokoa ni nini? Johnson alipewa pasi fupi, pasi, akaponyoka yadi 72 hadi mwisho, ikawa 10 kwa 10, na Drew Stevens akamaliza kwa teke la yadi 53 saa ikiisha. Mkimbiaji bora tuliye naye alitupa uhai siku alipopewa mpira kwa njia ambayo wapinzani hawakuitegemea.

Usiniambie kwamba Iowa haina desturi ya kulea wanaodaka mpira. Dallas Clark, George Kittle, Noah Fant na T.J. Hockenson wote walipita hapa. Lakini linaloniuma zaidi ni la Sam LaPorta. Katika miaka minne hapa alifunga tachidauni 5. Akaenda timu ya kulipwa ya Detroit, na katika msimu wake wa kwanza tu, 2023, akafunga 10. Mikono ni ileile. Nina mtoto wa miaka tisa anayelala na mpira kitandani na anataka kuwa LaPorta, nami sijui nimweleze vipi kwamba shujaa wake alitumika vizuri zaidi alipoondoka nyumbani.

Kuna watakaonijibu kwamba tumeshinda mechi 8 na nitosheke. Ligi yetu imebadilika. Sasa tuko timu 18, ile kanda ya Magharibi iliyotulinda haipo tena, na njia ya kufika juu inapita kwa Oregon, Penn State na Ohio State. Ohio State walitufunga 35 kwa 7 Oktoba, na Jumatatu hii wamechukua ubingwa wa nchi nzima. Hata Indiana, ambao hakuna aliyewahesabia kitu, walikuwa miongoni mwa timu 12 za mchujo, na walifika kwa kurusha mpira.

Sasa anakuja Mark Gronowski. Ndiye aliyekuwa kwotabaki wa South Dakota State siku ile ya 7 kwa 3, siku yangu ya kwanza. Tangu siku ile amechukua ubingwa wa daraja lake, lililo chini ya letu, mara mbili na kupewa tuzo ya Walter Payton, ya mshambuliaji bora wa daraja hilo. Amechagua kuja kwetu kumalizia mwaka wake wa mwisho. Ana miguu pia, na hilo ndilo linalonitia hofu: nahofu kwamba tutamwona kama mkimbiaji mwingine, tumtwishe mzigo aliouacha Johnson, tumvunje mbavu kufikia Oktoba.

Wewe huchagui lini turushe na lini tukimbie uwanjani, najua. Lakini wewe ndiye mwajiri. Kocha Kirk Ferentz yuko hapa tangu 1999, heshima yake haina mjadala, na mtu wa kukaa naye chini na kumwuliza kwa adabu ni wewe. Mwulize ni wapokeaji wangapi anaowatafuta na ana fungu gani la fedha la kuwavuta, maana kijana mwenye kasi hatakuja mahali ambapo mpira haumfikii. Kisha utueleze sisi wenye tiketi, hadharani, alichokujibu.

Tarehe 30 Agosti tunafungua msimu na Albany, hapo Kinnick. Mimi na wanangu tutakuwepo kabla ya milango kufunguliwa. Ombi langu ni kwamba jaribio letu la kwanza kabisa la mwaka liwe pasi, ndefu, hata kama haitashikwa.

Wako kwa heshima,
Baba wa watoto watatu, shabiki wa Hawkeyes, Iowa City