Boila la kuni linazima usiku? Usimfokee mlinzi kwanza

Baridi ya Njombe ikianza tu, mwezi wa sita hivi, simu yetu inaanza kuita saa kumi alfajiri. Bosi wa gesti yuko hewani, fundi boila lako bovu, moto umezima, maji ya barafu na wageni wanawahi basi. Tunaenda, tunafungua mlango wa boila, na mara nyingi halina shida yoyote, limejaa magogo yaliyoungua kwa nje ila ndani mabichi kabisa, na lami, ule uchafu mweusi wa moshi unaonata, inachuruzika mlangoni.

Ukweli ni kwamba moto unaozima saa kumi alfajiri umeharibikia saa tatu usiku, pale mlinzi alipojaza magogo mpaka juu akafunga kila kitu akaenda zake kulala.

Tuanze na kuni maana hapo ndo pana kesi. Mlingoti uliokatwa juzi karibu nusu ya uzito wake ni maji, kwaiyo moto unaanza kuchemsha maji ya kwenye kuni kabla hata haujagusa ya kuoga. Wanasema pafukapo moshi pana moto, kwenye boila lenye kuni mbichi pana moshi tu bana. Miwati ni mizuri kuliko paini, inawaka taratibu na makaa yake yanakaa, ila lazima ipasuliwe maana gogo zima lenye gome linachukua muda mrefu sana kukauka. Kwa ukungu wa huku kwetu hesabu miezi sita au zaidi, tena kwenye kibanda chenye paa na pembeni wazi, sio unafunika turubai mpaka chini kuni zinatoa jasho humo zinaota ukungu. Kama huna uhakika gonga mbili pamoja, kavu inalia kwa sauti kali, mbichi inatoa du.

Alafu huo usiku wenyewe. Ukishapata makaa mekundu ya kutosha yavute mbele karibu na kidirisha cha hewa, panga magogo manene kwa nyuma, acha hewa wazi kama dakika ishirini mpaka yashike moto kweli, ndo unapunguza. Unapunguza, hufungi! Bibi zetu walikuwa wanaacha kijinga kikubwa jikoni wanafukia na majivu asubuhi wanapuliza moto unawaka, sawa, ila bibi hakuwa na wageni ishirini wanaotaka kuoga. Ukibana hewa kabisa kuni zinafukiza tu, moshi unapanda ukiwa umepoa na lami inaganda ndani ya bomba la moshi, wiki mbili tatu bomba limekuwa jembamba na hapo hata ukiacha hewa wazi moto haupumui. Na ipo siku hiyo lami itawaka humo humo kwenye bomba, utasikia linanguruma kama lori. Ukikuta boila linafukiza usifungue mlango kwa pupa, ufungue kidogo, subiri, ndo umalizie, la sivyo moto utakurukia usoni.

Majivu watu wanakosea sana. Ya kuni usikombe yote, bakiza kama vidole vitatu, yanatunza makaa. Makaa ya mawe ni kinyume chake, yanataka hewa ipite kwa chini, majivu yakiziba wavu wa chuma wa chini ya moto umekwisha. Wateja kibao saivi wanatuuliza kuhusu makaa ya mawe sababu maroli yanayotoka Mbinga yanapita hapa hapa barabarani, jibu letu ni kwamba kama boila lako halina wavu na mlango wa hewa wa chini usijaribu, utapoteza hela tu. Kama lina wavu, washa na kuni kavu kwanza, tupia makaa kidogo kidogo, subiri yashike ndo uongeze, na usichokoechokoe kwa juu maana majivu yakipanda kwenye moto mkali yanayeyuka yanagandana kama kioo, kuyatoa ni kazi ya nyundo.

Kuna mteja mmoja alituziba mdomo kabisa, alichukua kitambaa na mpira akaziba lile bomba dogo la juu ya tenki eti mvuke unapotea bure. Jamani! Huku juu milimani maji yanachemka hata kabla ya kufika nyuzi 95, na mvuke ukikosa pa kutokea unapasua tenki. Hilo bomba halizibwi hata siku moja. Na mlinzi asibebe makaa kwenye karai akaotee ndani ya kibanda chake amefunga mlango, ile hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu, mtu analala haamki.

Kusafisha bomba na kuangalia wavu tunafanya kuanzia mwezi wa nne, ukingoja mpaka wa sita utakuta foleni. Simu ya saa kumi alfajiri tutapokea kama kawaida, ila kabla fundi hajawasha pikipiki ntakuuliza kitu kimoja, hizo kuni zimepasuliwa lini?