Kikao cha Jumamosi: slabu zenye mashimo

Habari za jioni ndugu zangu. Jumamosi saa 4 asubuhi tukutane pale pale Shangani, tumalize suala la slabu za kiwandani zenye mashimo ndani, yaani vipande vya sakafu ya zege vinavyoletwa vikiwa tayari. Kila mmoja aje na ramani yake.

Tumezoea kumwaga slabu juu ya mbao na mirunda, nondo zikipita pande zote mbili. Hizi ni tofauti. Kipande kimoja kwa kawaida kina upana wa milimita 1,200, na nyaya zake za chuma zilivutwa kiwandani kabla ya zege kumwagwa, zikilala upande wa urefu tu. Ndani hakuna ringi, vile vyuma vya kuzungushia nondo. Kwa hiyo mahali kinapokalia boriti ndipo penye roho yake. Kikikalia sentimita 3 tu, mimi siwezi kusaini kazi hiyo. Na fundi bomba asitoboe popote anapotaka: akikata waya, ameondoa nguvu tuliyoihesabu.

Maungio kati ya vipande yajazwe vizuri, juu tuweke wavu wa chuma wa BRC na zege la milimita 50 hivi, sakafu ishikane kama kitu kimoja na kupeleka nguvu ya upepo kwenye kuta na nguzo.

Wa Mikindani, ninyi mnajua chumvi ya bahari inavyovimbisha nondo kwa kutu. Njooni na picha.

Kreni na usafiri tutagusia pia. Dar hadi Mtwara ni zaidi ya kilomita 500.

Nani ana projekta?